Mgombea mwenza anaongeza kura au hana lolote? Nilikuwa mwenza mwenyewe, shuleni Mwanza, na panki ndizo zilizonibeba

Wakuu, salaam. Wenye umri wa kuamkiwa, shikamooni.

Humu mimi ni msomaji wa kimya. Hata ana kwa ana siongei sana, kwa hiyo msishangae hamnijui. Ila wiki hii nawaona mnabishana kama mgombea mwenza anaongeza kura za urais au ni sura ya kujazia bango, nikaona leo niandike.

Nimewahi kuwa mgombea mwenza.

Msicheke kwanza. Ilikuwa shuleni.

Daftari langu la siku zile liko hapa mezani. Ninachoandika nimekitoa humo, na palipo na aibu nimeiacha ilivyo.

Mwaka wenyewe ni ule wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi. Mwanza nzima ilikuwa bendera na vipaza sauti. Mimi nilikuwa kidato cha tatu, shule moja upande wa Mirongo, mchanganyiko wa bweni na kutwa. Bweni walikuwa wengi, shule ni yao. Sisi wa kutwa walituita wapangaji.

Mwalimu wetu wa Uraia, Mwalimu Magesa, akaja na jambo jipya. Kaka mkuu hatateuliwa tena na walimu, atapigiwa kura ya siri, na kila mgombea awe na mwenza. Akaweka sharti: mgombea akitoka bweni, mwenza atoke kutwa, na akitoka kutwa, mwenza atoke bweni. Alituambia ndivyo nchi ilivyojipanga, Bara na Zanzibar, ili mdogo asimezwe.

Wagombea wakawa wawili, wote wa bweni. Mmoja Sospeter, kiranja wa bwalo, mtu wa watu. Akamchukua Hamisi wa kutwa, mshambuliaji wa timu ya shule. Hapo kila mtu alijua kazi imekwisha.

Wa pili ni Deo, tuliyekuwa naye darasa moja. Akanifuata mimi.

Niseme ukweli, nilikuwa wa tatu kuombwa. Wasichana wawili walishamkatalia. Daftari linasema: "Leo Deo ameniomba niwe mwenza. Nimeangalia viatu vyake muda wote. Nimesema ndiyo kwa sababu ya geti."

Geti lilikuwa linafungwa saa moja kamili. Ukichelewa unafyeka nyasi vipindi viwili vya kwanza. Mimi nilichelewa karibu kila siku, na vipindi hivyo karibu kila siku vilikuwa Hesabu. Hedimasta alishaniandikia barua: nikiendelea hivyo mpaka mwisho wa muhula, nafasi yangu anapewa mwingine. Deo aliahidi kwamba akishinda, ombi lake la kwanza litakuwa wanaotoka mbali waongezewe nusu saa.

Kwa nini nilichelewa? Panki.

Kwa wasioijua Mwanza ya wakati ule: viwanda vya samaki vilikuwa vimefunguliwa ufukweni. Minofu ya sangara inapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tunabakiziwa kichwa na mifupa. Hiyo ndiyo panki. Alfajiri mimi na mama tunatoka Mkolani, tunapanga foleni kwenye geti la kiwanda, tunabeba makarai mawili mpaka sokoni Mkuyuni, mama anaanza kukaanga. Mimi naosha mikono kwa ndimu, nakimbia shule.

Ndimu haikusaidia sana.

Na kula panki ilikuwa aibu, wakuu. Watu wazima walinunua kwa mama, wakafungiwa kwenye gazeti, halafu wanaomba gazeti lingine juu.

Siku ya kampeni tulijaa bwaloni. Sospeter akaongea vizuri, Deo akaongea vizuri zaidi, Hamisi hakuongea sana, alishangiliwa tu. Ikaja zamu yangu. Nilikuwa na karatasi niliyoiandika mara nne. Nikasimama, nikaiangalia, herufi zote zikawa za mtu mwingine. Nikasema ahsanteni, nikakaa.

Nilimwona Deo akifumba macho.

Kikaja kipindi cha maswali. Hamisi akanyoosha mkono, akasema ana ushauri mdogo kabla ya swali. Akasema mkimpa huyu dada ofisi, mumwajiri na paka. Bwalo likacheka, hata jiko lilicheka. Akasubiri watulie, kisha akaniuliza taratibu:

"Hebu waambie wenzako. Kwenu mnakula samaki au mnakula mifupa?"

Nilitaka kukataa. Nimeiandika hivyo: nilitaka kusema tunauza tu, hatuli. Lakini mama alikuwa sokoni muda ule ule, amekaa mbele ya jiko na moshi wake, na mimi nimkane mbele ya watu kwa ajili ya ukaka mkuu?

Nikasimama.

"Tunakula panki. Jana tumekula, na leo tutakula."

Sauti ilikuwa ndogo. Waliokuwa mbele wakacheka, wa nyuma wakauliza amesemaje.

Hapo ndipo aliposimama Kulwa.

Kulwa alikuwa dada wa bweni la wasichana. Sketi imenyooka kama ubao, mafuta ya nywele ya dukani. Tulijua baba yake ni mkubwa katika kiwanda cha nguo. Sikuwahi hata kumsalimia, nilikuwa namwogopa.

Akasema, "Baba yangu alipunguzwa kazini mwaka jana. Likizo nzima tumekula panki. Hamisi, na mimi nitafutie paka."

Wakuu, nyie mmeshaona ziwa linavyotulia ghafla baada ya upepo? Bwalo lilikuwa hivyo. Halafu kijana mmoja wa kidato cha kwanza, simjui hata jina, akasimama. Akafuata mwingine. Kisha meza nzima ya wasichana. Hakuna aliyewaita. Wanasimama tu, wanaangalia mbele, kama wako paredi. Wa bweni hao, wenye shule yao.

Mwalimu Magesa alivua miwani, akaipangusa, akaivaa, akaivua tena.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Nimeshapiga kura za nchi hii mara nyingi, sijakiona tena.

Kura zilipigwa Ijumaa, sanduku la bweni na sanduku la kutwa, zikahesabiwa kwa vistari ubaoni. Sasa wachambuzi sikilizeni hapa.

Kutwa, ambako mimi ndiye niliyepaswa kuleta kura, tulipigwa vibaya. Wenzangu walimchagua Hamisi wao. Siwalaumu, wengine tulipanga nao foleni ile ile ya panki, labda hawakutaka kukumbushwa.

Bweni ndiko tulikoshinda. Jumla tukapita kwa kura kumi na tisa. Deo akaniambia, "Kura za kule si zangu. Nalala nao, nawajua. Ni zako."

Nyumbani nikamweleza mama yote, hata la paka. Akageuza panki zake, akasema, "Kwa hiyo huyo Kulwa likizo ikija anakuja kula kwetu?"

Hedimasta alikubali nusu saa, kwa majaribio. Jumatatu iliyofuata nikapita getini natembea, sikimbii. Nikakaa kipindi cha kwanza cha Hesabu, dawati la mbele. Mwalimu akaniangalia akaniuliza nimehamia kutoka shule gani.

Basi, nilichojifunza ni hiki. Mwenza huwekwa ili alete kura za kwao. Mimi za kwetu sikuzileta. Nilizoleta zilikuwa za watu waliokuwa wanaficha kitu nilichokisema mimi, na hakuna mpiga hesabu wa kampeni aliyekuwa na orodha yao, maana wenyewe kwa wenyewe walikuwa hawajuani. Kwa hiyo anayesema mwenza hana kura, mimi nambishia. Na anayesema anazijua kura za mwenza ziko wapi, huyo nambishia zaidi.

Karibuni mnikosoe, nitasoma zote hata nisipojibu.

Na kama ulikuwemo bwaloni siku ile ukasimama, mimi sikukushukuru. Nilikuwa naangalia viatu. Andika hapa chini nikujue.