Safu ya Namba za Simu

"Umegusa nini humu?" Mamdogo aliniuliza bila kugeuka, macho kwenye kompyuta ya mapokezi.

"Nimerekebisha namba za simu tu," nikasema. "Haihusiani."

Ilikuwa zahanati ndogo ya Segerea. Mamdogo alikaa mapokezi, na ndiye aliyemwomba daktari mwenye zahanati anipe kazi ya kutunza mfumo wa wagonjwa nilipomaliza chuo. Pale mgonjwa hatafutwi kwa jina, maana majina yanafanana mno. Anataja namba ya simu. Mfumo ulizihifadhi namba hizo kama hesabu, kwa hiyo sufuri ya mwanzo ilikuwa inaliwa, na jambo hilo lilinikera. Jumapili nikatengeneza safu mpya ya maandishi, nikahamishia namba zote pamoja na sufuri zake, nikafuta safu ya zamani, na ile mpya nikaipa jina lile lile. Nikajaribu nyumbani, nikitumia wagonjwa wachache wa kubuni. Wakafunguka papo hapo.

Jumatatu, kila Mamdogo alipoandika namba, kompyuta iliganda. Foleni ikafika nje.

"Mama, hiyo mashine inachemsha maharage?"

"Mie mtoto ana homa, nyie mnaangaliana na kioo!"

"Mwacheni, anasubiri mtoto apone mwenyewe."

Watu wakacheka. Daktari akatoka chumbani kwake kuuliza kuna nini.

Mimi, ninayebishana na mchungaji, na mwenye nyumba, hata na taarifa ya habari, sikujihoji hata kidogo. "Mamdogo anabonyeza mara mbili mbili," nikasema mbele za watu. "Mfumo unalemewa."

Mamdogo akaondoa vidole kwenye kibodi, akaviweka mapajani. Daktari akasema labda stoo ya dawa ingemfaa zaidi.

Mchana nikaiuliza hifadhidata yenyewe inavyotafuta namba moja. Ilikuwa inapitia wagonjwa wote, mmoja mmoja. Safu ya zamani ilikuwa na faharasa, ule mpangilio wa pembeni unaoipeleka moja kwa moja kwenye namba inayotakiwa. Nilipofuta safu, faharasa yake ilifutika nayo, bila onyo lolote. Jina nililirudisha, lakini faharasa hairudi kwa sababu ya jina. Na kwa wagonjwa wangu wachache wa kubuni, nisingeona tofauti. Nikaandika mstari mmoja wa kuiunda upya. Namba zikaanza kufunguka kama zamani.

Nilikwenda kwa daktari uso ukiniwaka. "Kosa ni langu. Vidole vyake havina shida."

"Sawa, umefanya vizuri kurekebisha," akasema huku akiandika. "Ila mama aende tu stoo. Mwenyewe anajua."

Sikuelewa, na niliona aibu kuuliza. Mamdogo akahamia kwenye maboksi, mbali na watu aliozoea kutaniana nao.

"Shikamoo, Mamdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mashine yako haijambo?"

Nilikuwa najibu huku nikitazama sakafu, na nikipata njia nyingine ya kupita, nilipita huko.

Juzi tu, tukimwangalia Mamdogo akitunga uzi kwenye sindano bila miwani, binti yake akaniambia: mchana ule, kabla sijagundua chochote, Mamdogo alimfuata daktari akamwambia macho yake hayaoni tena vizuri, mtoto asilaumiwe.