Ghala la Mama Omuse

Mama alikuwa mtu wa kelele. Nalisema hilo mapema kwa sababu watu wakifa sisi huwafanya malaika, na mama yangu hakuwa malaika. Aligombana na kuku, na moshi, na baba akiingia na matope. Siku ile alikuwa ameanika wimbi, yaani ulezi, uani, kwenye sakafu aliyoikandika mwenyewe kwa mavi ya ng'ombe, akiniambia kwamba nikiendelea kufukuza kuku kwa macho badala ya mikono nitaolewa na mvivu mwenzangu. Nilikuwa darasa la tano. Boma letu lilikuwa nje kidogo ya Malaba. Ukishuka shamba la mihogo unafika mtoni, na ng'ambo ya mto ni Uganda.

Ng'ambo kulikuwa na vita. Milio ya bunduki tuliisikia kama mtu anavyosikia jirani akipasua kuni, tukazoea. Watu walivuka na magodoro kichwani, na mama akawa anawapikia sufuria kubwa ya uji kila asubuhi. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," baba alimtania, akitazama gunia la unga likisinyaa. Mama alimwambia akiona njaa akalale.

Kati ya waliovuka alikuwemo Etyang, mtoto wa dada yake mama, kijana wa rika moja na kaka yangu Omuse. Mama yake alikuwa ameuawa, na wanajeshi walikuwa wakisaka kila kijana wa kijiji chao wakidai ni waasi. Mama hakulia mbele yake. Alimpa maji ya kuoga na suruali ya Omuse, akamwambia, "Hapa ni kwenu."

Nyumbani kwetu, kama kwa Wateso wengi wa siku zile, ghala la nafaka lilikuwa la mke. Mume hulijenga, akishamaliza amemaliza. Hainui paa lake, hachungulii ndani, hata njaa imuume namna gani. Baba hakuwahi kujua tuna wimbi kiasi gani, na nadhani hiyo ndiyo iliyokuwa nusu ya amani ya ndoa yao.

Basi siku ile, kabla wimbi halijakauka, jirani alipita mbio akasema wanajeshi wamevuka mto. Baba alikuwa kazini mjini. Omuse alikuwa bondeni na ng'ombe. Mama aliinua paa la ghala kwa gongo lake, akamwita Etyang.

"Ingia."

"Mama, mimi ni mwanamume."

"Wewe ni mtoto. Ingia."

Akashusha paa, akarudi kugeuza wimbi lake kwa mguu.

Walikuja. Walipekua nyumba, jikoni, hadi chooni. Mkubwa wao alizungumza Kiteso kama chetu. Alisimama kando ya ghala.

"Humu mna nini?"

"Wimbi."

"Fungua."

"Fungua wewe, baba. Mume wangu hajawahi, lakini wewe una bunduki."

Alishika gongo. Akaliachia. Nilimwona akiutazama mkono wake.

Wakaanza kuondoka.

Hapo ndipo Omuse alipotokea. Alikuwa amewaona kutoka bondeni, akawaacha ng'ombe, akaja mbio kumwangalia mama. Walimkuta kwenye ua.

"Ndiye huyu," mkubwa wao akasema.

"Huyo ni wangu," mama alisema. "Nimemzaa mimi, hapa hapa."

"Basi yule wa ng'ambo yuko wapi? Tuonyeshe, tukuachie wako."

Mama alimtazama Omuse. Omuse alitazama chini.

Mama na kelele zake zote alinyamaza.

Wakamchukua. Mama aliwafuata katikati ya mihogo, hadi mtoni, hadi maji yakamfika kiunoni na bunduki ikamwelekea. Niliona mgongo wa kaka yangu ukipanda ukingo wa pili. Hatukumwona tena, wala hatukupewa mwili wa kuzika.

Etyang alitoka ghalani na wimbi kwenye nywele, akapiga magoti. Alikuwa amesikia kila neno. "Mama, ungesema."

"Halafu nimwambie nini dada yangu?" Kisha akamwambia akaoge, akawasha moto, akasonga ugali. Na ugali ulikuwa ugali.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi sasa ni mzazi. Niko hapa mtaa wa Burumba na wanangu, nauza nafaka, na nimejiuliza mara nyingi, nikiwatazama wakila, mimi ningefanyaje. Mimi ningesema. Sitawadanganya. Ningeonyesha ghala kwa kidole, na ningeishi na hilo. Mama hakuwa na nguvu kunishinda wala elimu, alikuwa mke wa nyumbani tu, na bado sijui alilitoa wapi jambo lile. Hata leo likinijia huwa naweka chini nilichoshika.

Kelele zake zilirudi polepole, kwanza kwa kuku. Ila kwa Etyang alikaa muda mrefu bila kupandisha sauti, na Etyang aliniambia hilo lilimuumiza kuliko tusi. Siku mama alipomfokea kwa kuacha mbuzi wale maharagwe, alijificha nyuma ya jiko akalia kwa furaha.

Watu waliendelea kumwita Mama Omuse hadi tulipomzika mwaka jana. Siku hizi wengi huweka nafaka kwenye magunia, lakini yeye alikataa. Na nyumbani kwetu mama akifa, mwanawe wa kiume ndiye huinua paa la ghala lake mara ya kwanza na kutoa nafaka ya matanga. Wazee walipouliza ni nani, nikawaambia alichoniagiza kitandani: Etyang.

Alisogea na mvi zake. Aliinua paa polepole, akachota wimbi kwa viganja viwili.

"Omuse angetoa kiasi gani?" akaniuliza.

Nikamshikia ungo.