Jibu Moja la Jigisha Vasani

Jigisha Vasani alijiwekea kanuni: maneno "mkinipa nafasi nitakuja" angeyasema katika chuo kimoja tu, na angeyasema kwa kumaanisha.

Kwetu Edison, New Jersey, kanuni hiyo ilikuwa kichekesho. Kijana wa mwaka wa mwisho wa sekondari anayetaka udaktari huomba ile mipango inayounganisha shahada ya kwanza na masomo ya udaktari, ili akubaliwe kote kuwili kwa mpigo. Nafasi ni chache mno. Kwa hiyo Jumapili wazazi huketi mezani kama jopo, chai na vitafunio vya chevda mbele yao, wakiwazoeza watoto usaili. Swali la mwisho halibadiliki: tukikuchukua, utakuja?

"Sema ndiyo, tena kwa tabasamu," alisema Shardaben, jirani wa akina Jigisha, ambaye mwanawe Ketul aliomba vyuo vilevile.

"Na nikiulizwa kwingine, anti?"

"Huko nako ndiyo. Kwani unaolewa?"

Jopo zima likaangua kicheko. Jigisha hakucheka.

Mwezi wa pili aliitwa kwenye chuo kidogo kilicho karibu na nyumbani. Mpango wao ulikuwa wa miaka saba, na wanafunzi walianza kukaa na wagonjwa tangu mwaka wa kwanza. Hilo lilimvutia. Mkuu wa mpango, mama wa makamo, alimuuliza swali lile, kisha akamuuliza tena. Jigisha akajibu kwamba atakuja. Chuo kikuu cha pili, chenye jina kubwa na mpango wa miaka minane, hakikumuuliza.

Mwezi wa nne vyote viwili vikamkubali. Ketul alikosa kile kidogo, na kwenye kile kikubwa akawekwa katika orodha ya kusubiri.

Baba yake Jigisha, Kirit, mfamasia mwenye duka lake la dawa, hakuona kama kuna jambo la kujadili.

"Kule kukubwa hakuna mtihani tena. Ukiingia umeingia," alisema. "Hawa wadogo, usipofikisha alama zao kwenye mtihani wa kuingilia udaktari, wanakutoa. Na ukiomba kwingine kabla ya hapo, wanakutoa pia. Sasa unafikiria nini?"

"Nilimwambia nitakuja, Baba."

"Ulitia saini?"

"Hapana."

"Basi hujaahidi kitu. Yule mama anaambiwa hivyo na kila mtoto anayekaa kwenye kile kiti."

"Ndiyo maana aliniuliza mara mbili."

Mama yake, Nayna, aliyekuwa akisukuma chapati, hakugeuka. "Unamlaumu nani? Si wewe uliyemkataza kudanganya wateja dukani?"

"Dukani ni dawa, Nayna! Haya ni maisha yake."

Kesho yake Jigisha akakiarifu chuo kikubwa kwamba haendi, bila kungoja siku ya mwisho kama wafanyavyo wengine, wanaokalia viti viwili huku watoto wa wenzao wakisubiri.

Haikuchukua muda Ketul akaitwa. Shardaben alikuja na boksi la halua ya maziwa, akamlisha Jigisha kipande kwa mkono wake.

"Mungu akubariki kwa ujinga wako, mwanangu."

"Asante, anti. Ni tamu."

Katika chuo kile kidogo Jigisha alisoma vizuri. Wagonjwa walimpenda, hasa wazee, kwa sababu alikuwa akisema atarudi saa fulani na kweli anarudi. Mwaka wa tatu akafanya ule mtihani wa udaktari, akapungukiwa alama mbili. Yule mama mkuu wa mpango alikuwa amekwisha kustaafu. Aliyeshika nafasi yake alimsomea masharti, akamtoa kwenye mpango, akamtakia heri. Jigisha akamaliza shahada yake ya kwanza, kisha akaomba vyuo vya udaktari kwa njia ya kawaida, mwaka huo na uliofuata. Hakuna kilichomchukua.

Wapo wanaotaka nikiri kwamba alikosea. Sikiri. Nimewafundisha watoto wa mtaa huu kila Jumapili hekaluni kwamba neno ni neno, na siwezi kulibadilisha somo kwa sababu mmoja wao alilisikia.

Ketul sasa ni daktari wa moyo. Jigisha anafundisha baiolojia katika sekondari aliyosomea. Jibu lile lilimgharimu udaktari.