Sotet Iliyooshwa kwa Sabuni

Watu wa Nakuru wana mambo. Vikombe vya bati ambavyo mama zao walivitupa kwa aibu siku waliponunua vya udongo, leo wanamlipa Fancy Cheruto awapangie mezani wapige navyo picha. Kazi hiyo ndiyo iliyomjengea jina kule Section 58. Ana sahani za enameli zenye ukingo wa buluu, taa za chemli, na birika la shaba alilouziwa na mjane wa karani wa reli. Kiangazi kikifika na bustani zikajaa sherehe, hakai nyumbani.

Januari hii alipata meza ndefu ya kupamba huko Dundori. Mwenye sherehe alitaka katikati kuwe na kitu cha kale ambacho wageni hawajazoea kukiona. Fancy akakumbuka sotet ya mama yake, kile kibuyu kirefu cheusi ambamo Wakalenjin hugandisha mursik, maziwa yao ya mkaa. Akaenda kwao Rongai mama akiwa kanisani, akakichukua bila kumuaga mtu. Alijiambia kwamba kuazima kwa mama si kuiba.

Shida ni kwamba kilinuka moshi, na yeye alitaka kutia waridi. Hapo akafanya jambo ambalo mtoto wa Kikalenjin hukanywa tangu akiwa mdogo: akakiosha kwa sabuni. Kibuyu cha maziwa husuguliwa kwa maji moto na ufagio mdogo, kisha hupakwa ndani mkaa wa mti wa senetwet. Sabuni ikiingia, haitoki tena. Fancy aliyajua hayo yote, lakini haraka haina baraka. Meza ilipendeza hata wageni wakasahau chakula. Baadaye akakirudisha kibuyu mahali pake, akanyamaza.

Haukupita muda, habari zikaja kwamba ndugu yake mdogo, Kipkemoi, anarudi kutoka Qatar. Mama yao, Chepkemboi, alitaka kumpokea mlangoni kwa mursik ya mkono wake, kama ilivyo ada kwa mtu aliyetoka safari ya mbali. Akapaka mkaa, akamimina maziwa, akangoja. Alipofungua, yalikuwa yamekatika na yananuka vibaya. Akarudia, yakakatika tena.

Fancy alipokuja kumsaidia matayarisho, alimkuta ameketi jikoni, mikono mapajani.

"Cheruto, mikono yangu imekufa," mama alisema. "Tangu niolewe maziwa haijawahi kunikataa. Nimezeeka. Kipkemoi atakunywa tu ya paketi."

"Usiseme hivyo, mama."

"Nisemeje sasa?" Akamsukumia kibuyu. "Chukua hii. Si wewe hupambia watu meza na vitu vya zamani? Weka maua. Mimi nayo kazi yetu imeisha."

Maua! Fancy aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Siku zote hizo alikuwa akiogopa hasira ya mama, na hasira haikuja. Badala yake akapewa zawadi. Angeweza kukipokea akaenda zake, na siri ingefia hapo. Lakini mama alikuwa akivigeuzageuza viganja vyake, anavikagua, na Fancy hakuweza kulitazama hilo.

"Mama, ni mimi. Niliichukua bila kukuuliza. Nikaiosha na sabuni."

Mama alimkodolea macho. Fancy akangoja kofi, na kwa kweli alilitaka.

"Sabuni?" Mama akainuka. "Ati sabuni? Kumbe ni sabuni!" Akapiga kigelegele humo humo jikoni, akamshika mwanawe mabega na kumtikisa kwa furaha. "Asante, mama yangu! Ubarikiwe! Mimi nilidhani ni mikono!"

Akachukua leso, akatoka mbio kwenda kwa jirani yake Jebet kuazima kibuyu kingine, maana Kipkemoi alikuwa bado hajapanda ndege na maziwa yangewahi. Fancy alimsikia akicheka njia nzima.

Alibaki jikoni na ile sotet magotini. Mama alipewa na mama yake siku ya harusi, na kwa furaha yake alikuwa hajalikumbuka hilo bado. Fancy akaketi palepale kumngoja akumbuke.