Mshona makuti anayeitamani ngoma ya mumewe

Jua halijapanda sawasawa Timbwani, Likoni, na Mwanaima keshakaa mkekani nyuma ya nyumba. Anakunja jani la mnazi juu ya ufito, anashona, anavuta uzi. Mkono unakwenda wenyewe. Masikio ndiyo yako kwingine.

"Zamani nikishona kwa ngoma," anasema. "Babake Intisar akipiga pale mlangoni, nami namfuata. Wallahi, makuti yalikuwa yakiisha bila mimi kujua."

Mumewe, Mbarak, alikuwa mpiga ngoma za harusi, na Likoni hii wachache walimfikia. Kisha ngoma ikafunikwa gunia, ikawekwa mvunguni.

Yote yalianza na ufito. Miaka miwili iliyopita ulimchoma Mwanaima unyayoni, ukazama. Akapaka jivu na udongo kama alivyozoea kuona kwao, akarudi kazini.

Wiki iliyofuata taya lilikaza. Hata uji haukupita. Shingo ikawa ngumu, na mlango ukibamizwa tu, mgongo wake uliinuka kitandani.

Nyumba nzima ikasema ni pepo. Pepo hupungwa kwa ngoma, na mpigaji alikuwa papo hapo. Mbarak alipiga kwa mapenzi yake yote, na kila pigo lilimpinda mkewe zaidi.

"Akili zangu zote nilikuwa nazo," anasema Mwanaima. "Nataka kumwambia aache, mdomo haufunguki."

Jirani yao Agneta, aliyewahi kumzika mpwa wake kwa maradhi hayo, ndiye aliyeishika mikono ya Mbarak. "Mama Intisar hana pepo," alisema. "Hii ni pepopunda. Twende hospitali."

Huko alilazwa chumba cha giza, kimya. Daktari alieleza kwamba vijidudu vya pepopunda hukaa udongoni na kwenye samadi, huingia kidondani, na sumu yao hukaza misuli. Kelele na mwanga huichochea misuli ikaze zaidi. Chanjo ingemkinga.

Alipona, akarudi mkekani. Siku hizi mshonaji mwenzake akichomwa, humkokota mwenyewe hadi zahanati. Lakini Mbarak hajagusa ngoma tangu siku ile.

"Mkono wakataa, Mama Intisar," humjibu kila akimwomba.

Mwanaima hana kinyongo naye hata chembe. Anaitamani tu ile nyumba yake ya zamani, yenye ngoma mlangoni.

Mwezi ujao binti yao Intisar anaolewa. Ndugu walishapendekeza mpigaji mwingine, Mwanaima akakataa. Jana aliitoa ngoma mvunguni, akaianika juani.

"Inshallah atapiga yeye," anasema, akivuta uzi. "Mimi nitakaa ubavuni mwa ngoma, karibu kabisa. Akiinua macho, anione nimekaa wima."