Mstari Uliotetemeka Saa Nne

Mama Usafi, kama walivyomwita pale maabara, aliingia kazini siku ile hana chuma mwilini hata cha dawa. Pini za nywele aliziacha nyumbani, sketi ya zipu akaibadili kwa ya mpira. Ndoo ilikuwa ya plastiki.

Kisa ni mashine ya kupimia dawa. Ndani yake mna sumaku kubwa isiyotaka kusumbuliwa: chuma kikisogea karibu, nguvu yake inayumba, na mstari kwenye skrini unatetemeka kama mgonjwa wa homa. Wiki nzima ulitetemeka kila saa nne asubuhi, na Mtaalamu, mkuu wa mashine hiyo, akaapa mchawi ni ndoo ya bati ya Mama Usafi.

"Ukitetemeka na kesho, mama, tafuta kazi kwingine."

Naye ana watoto wanne shuleni.

Saa nne ilipokaribia, alikaa kitako mbali na mashine, mikono mapajani.

"Shangazi, hata kupumua usipumue," fundi msaidizi, binti mcheshi, akamtania.

Saa nne kamili, mstari ukatetemeka.

"Haya, na leo ni mimi?"

"Labda una meno ya chuma."

Lakini mstari ulipotetemeka, Mama Usafi alikuwa amesikia mlango wa kabati ukilia kwiii nyuma ya ukuta. Akatoka mbio hadi stoo ya jirani, akakutana na Mtaalamu akitoka.

"Nilifuata karatasi," Mtaalamu akasema, ndevu zimejaa makombo.

Alipoondoka, Mama Usafi akalikagua kabati. Lilikuwa la chuma, mlango mzito, limeegemea ukuta wa mashine. Nyuma ya mafaili palikuwa na biskuti. Na jengo zima lilijua daktari amemkataza Mtaalamu sukari, na mkewe hupiga simu kila mchana kumchunguza!

Akaufungua mlango, akaufunga. Akaufungua, akaufunga.

"Binti! Vipi huko?"

"Shangazi, mstari unacheza ngoma!"

Mtaalamu akaja anahema. "Nani anachezea sumaku yangu?"

"Mimi, bosi. Natafuta karatasi." Akainua pakiti juu. "Kumbe hizi ndizo zilizotaka kunifukuzisha kazi?"

"Mama, punguza sauti, tafadhali."

"Nitapunguza. Kabati linahama lini?"

Kabla ya saa sita lilikuwa kwenye ngazi, binti kashika pembe nyepesi, Mtaalamu ile nzito, jasho linamtiririka, na Mama Usafi yuko mbele akiwafagilia njia.

"Polepole, bosi," alisema. "Kazi bado ninayo, sina haraka."