Mama Mkwe Aliyekwenda Kuposa Buibui

Msomaji, kaa chini kwanza. Haya yametokea hapa hapa Botshabelo, majirani wameshuhudia, video zipo, na bado kuna watu wananiambia nimetunga. Mama wa miaka sabini na moja, aliyeapa kwamba siku buibui akiingia mlangoni yeye anatokea dirishani, alijifunga blanketi lake la sherehe, akapanda pikapu, akaenda kuposa buibui. Tena si hawa wa pembe za dari. Buibui mwenye manyoya, mkubwa kuliko kiganja changu na vidole vyake vyote!

Ngoja nianzie asubuhi niliyowatembelea.

Saa moja kamili, Puseletso Lephoto, miaka arobaini na mbili, yuko kwenye banda lake la mabati nyuma ya nyumba, Sehemu K. Anapitisha kalamu ya kukatia juu ya kioo, mara moja tu, kriiii, anagonga kwa kidole, kioo kinaachana kama biskuti. Pembeni kuna chai na andazi lililoumwa nusu.

"Kioo hakitaki mtu mwoga," anasema. "Ukikiogopa kinakujua. Ni kama mama mkwe."

"Nimesikia!" Sauti inatoka jikoni.

Hiyo ndiyo sauti ya Mama Tseko. Ishike, tutarudi kwake.

Puseletso anatengeneza masanduku ya vioo. Ya samaki, ya nyoka, ila wateja wake wengi ni wa buibui, maana Bloemfontein na Thaba Nchu wapo watu wanaofuga buibui wakubwa kama wengine wanavyofuga njiwa. Kwa mwezi anauza masanduku manane, tisa. Akitoa hela ya kioo na silikoni, anabaki na kama rand elfu nne. Mumewe, Tseko, yuko mgodini Rustenburg. Mtoto wao anasoma Kimberley. Nyumbani wamebaki wanawake wawili, mke wa Tseko na mama wa Tseko.

Na kwa miaka tisa ya kazi hiyo, fundi huyu wa nyumba za buibui hakuwa na buibui hata mmoja.

Mteja wake wa kwanza alikuwa Mzee Kagisho Mothibi wa Thaba Nchu, dereva mstaafu wa gari la wagonjwa. Siku Puseletso alipompelekea sanduku, mzee akamwonyesha Goliathi, jitu la misitu ya Guyana, ndiye buibui mzito kuliko wote duniani.

"Nilijua nitakimbia," Puseletso anakumbuka. "Nikaona mguu unatoka shimoni. Wa pili. Wa tatu. Polepole, kama mtu anavaa glovu. Jamani! Nikasahau hata kudai nauli."

Wiki hiyo hiyo akajenga sanduku la Goliathi wake mwenyewe, pana na fupi. "Goliathi ana mwili. Akipanda kioo kirefu akaanguka, tumbo linapasuka. Nyumba yake iwe pana, isiwe ghorofa."

Akamwomba mama mkwe ruhusa. Mama Tseko akasema hapana, kisha akalichukua lile sanduku akawekea vitunguu.

Miaka tisa. Vitunguu.

Mwezi Machi mwaka huu, Mzee Kagisho akapiga simu. Macho yamechoka, anahamia kwa binti yake Mahikeng, na buibui wake wanachukuliwa na wafugaji wa Bloemfontein Jumamosi jioni. "Kabla hawajaondoka njoo uchague mmoja," akamwambia. "Bure. Nyumba zao zote umejenga wewe."

Jioni hiyo, Puseletso akasubiri ugali uive, mboga ziive, na mama mkwe ashibe kidogo.

"Mama, naomba nikuulize kitu."

"Kama ni buibui, hapana."

"Ni zawadi, mama."

"Hata kama amepakwa dhahabu."

Wakaendelea kula. Halafu Mama Tseko, bila kuinua macho: "Hivi hicho kidudu kinaishi muda gani?"

"Jike? Miaka ishirini. Wengine wanapitiliza."

Tonge likasimama hewani.

"Ishirini! Basi huyo si mdudu, huyo ni mwanamke anayehamia. Na nyumba hii haijawahi kuingiza mwanamke kabla mimi sijaenda kumtazama."

Puseletso anasema alidhani ni utani. Jumamosi asubuhi akamkuta mama mkwe ameshakaa ndani ya pikapu, blanketi begani, mkoba mapajani. "Washa gari, bibi arusi." Miaka kumi na sita ya ndoa, bado anamwita bibi arusi.

Sebuleni kwa Mzee Kagisho kuna masanduku manne mezani, wote majike. Mzee anaeleza kwanza kwamba wa porini kwetu hawaguswi bila kibali, hawa wote wamezaliwa kwa wafugaji. Mama Tseko anaitikia kwa kichwa, kama mshenga anayetajiwa koo za upande wa pili.

Wa kwanza ni wa Kenya na Tanzania, rangi ya kutu. Mzee anagusa kioo tu, buibui anainua miguu ya mbele na kufoka kama sufuria inayochemka.

"Huyu anachimba shimo, mwezi mzima humwoni," anasema Mzee Kagisho.

"Anajifungia chumbani, akitoka anatukana watu. Tulikuwa na mmoja hivyo, mke wa kaka yangu. Lete mwingine."

Wa pili, wa Brazil, ana mistari myeupe magotini. Mende anatupiwa, hajafika chini, ameshadakwa!

"Ana afya huyu, mama," mzee anamsifia.

"Mlafi huitwa mwenye afya na mama yake mzazi tu. Mwingine."

Wa tatu. Puseletso ameacha kupumua. Goliathi anatoka mguu mmoja mmoja mpaka anajaa kama sahani ya chakula. Mama Tseko anainama, anainama zaidi, pua karibu iingie ndani ya sanduku lililofunguliwa.

"Rudi nyuma, mama!" mzee anapaza sauti.

Wapi! Goliathi ameshasugua tumbo kwa miguu ya nyuma, na manyoya madogo yasiyoonekana yanaruka kama pilipili iliyomwagwa kwenye upepo. Mama Tseko anajikuna mikono, anajikuna shingo. Halafu anacheka. Anacheka mpaka kilemba kinaanguka.

"Mgeni hajakaa, ameshafukuzwa! Huyu ndiye! Huyu ana roho! Bibi arusi, mchukue huyu."

Msomaji, umeelewa? Ndoto ya miaka tisa, ya bure, na aliyekuwa anaikataza ndiye anayenyoosha kidole na kusema chukua!

Mama Tseko akakohoa. Mara moja. Akakohoa tena, safari hii kifua kikapiga filimbi, akaingiza mkono mkobani, akatoa pampu yake ya pumu.

Ujue kitu kimoja. Tangu aolewe, Puseletso hajawahi kumwambia mama mkwe "hapana." Hata siku moja. Hata kwenye vitunguu.

"Hapana, mama."

"Umesemaje?"

"Nimesema hapana. Manyoya yake yataruka kila nikifungua kifuniko. Na kifua chako kikibana usiku, mimi ndiye ninayekisikia ukutani. Huyu hatumchukui."

Mzee Kagisho akaanza kuangalia dari. Mama Tseko akamtazama mkwewe, akamtazama weee.

"Miaka kumi na sita," akasema taratibu, "najiuliza kama huyu mtoto alikuja na mdomo." Akaokota kilemba. "Baba, tuonyeshe wa nne."

Wa nne ni mweusi tii, kama mahameli, asili yake kusini mwa Brazil. Hasogei.

"Amekufa?"

"Ndivyo alivyo. Mpole. Nimekaa naye miaka saba, manyoya amerusha mara moja, tena nilimuudhi mimi. Sasa hivi anajiandaa kujivua ngozi, miezi miwili hajala kitu."

"Miezi miwili hajala, na hajalalamika?" Mama Tseko akashika kiuno. "Mimi nimeingiza wake za wanangu watatu, hakuna aliyefikisha saa mbili!"

"Mama, nipo hapa."

"Najua upo. Nasema ili usikie."

Huyo ndiye waliyemchukua.

Nyumbani, Mama Tseko akasimama mlangoni, akazuia njia. Kwetu bibi arusi haingii hivi hivi, anafunikwa blanketi na kupewa jina la mtoto ambaye bado hajazaliwa. Akaingia ndani, akarudi na mkasi na blanketi lake la zamani, alilovikwa yeye mwenyewe akiwa binti. Akakata kipande. Akakitandaza juu ya kioo cha buibui.

"Karibu, Mama Kgotso," akasema. Kgotso ni amani. Kisha akamgeukia Puseletso na majirani waliokusanyika na simu zao: "Mbona mnanitazama? Toeni vitunguu vyangu!"

Tseko alipopigiwa simu mgodini aliuliza mara tatu, "Mmemwoa nani?"

Sasa Mama Kgotso anakaa kwenye sanduku lile pana, bandani, kifuniko kinafunguliwa na Puseletso peke yake. Ngozi alishajivua, na anakula vizuri. Ile ngozi kavu, miguu minane kamili, Mama Tseko anaizungusha kwa majirani ndani ya kopo la biskuti: "Tazameni, ameacha gauni la zamani!" Kila asubuhi anapita bandani kusalimia. Hajibiwi. Anasema hiyo ndiyo heshima.

Na Goliathi? Alikwenda Bloemfontein. Puseletso hajamsahau. Amepanga tofali mia mbili mwisho wa uwanja, anataka kujenga chumba kidogo chenye mlango wake na dirisha lake, mbali na kifua cha mtu. "Mwaka ujao, Mungu akipenda," anasema, kalamu juu ya kioo. "Goliathi wangu atakuja."

"Jenga haraka!" sauti inatoka jikoni. "Na kuposa nitakwenda mimi!"

Puseletso anacheka, anagonga kioo, kinaachana.

Sasa niambie wewe, na usinidanganye. Miaka tisa unaota kitu kimoja. Kiko mezani mbele yako, bure, na mama mkwe mwenyewe anakwambia chukua. Halafu anakohoa, mara mbili tu. Ungesema hapana?